TTB: maneno matamu yenye kushusha bei

Siku ile nilifurahi juu ya herufi tatu tu.

Papa mmoja mwenye kununua vitu vya zamani hapa Lubumbashi alishika sarafu moja ya nkambo wangu, akaiweka chini ya kioo chake kidogo, akaigeuza mara mbili, kisha akasema: «TTB.»

Nikamuuliza: «TTB njo nini, papa?»

«Très très beau, mwanangu.»

Nzuri sana sana! Mimi mwenye lisanse mu mfuko, nikaamini. Nikatabasamu kama mwanafunzi aliyesikia jina lake likisomwa na «grande distinction» mbele ya wazazi. Sarafu zilikuwa 11. Kwa telefone alikuwa ameniambia kwamba kama ziko mpya kweli, tutaongea karibu dola 120. Alizipitia moja moja, TTB, TTB, TB, TTB, akahesabu dola 35 na kuziweka juu ya meza. Nikazichukua, nikamshukuru, nikatoka. Ni ku barabara, ndani ya basi, njo nilianza kujiuliza: kama ziko nzuri sana sana, kwa nini feza imekuwa kidogo hivi?

Ile feza ilikuwa na kazi yake. Mdogo wangu alikuwa anaingojea kwa kuchapisha na kufunga TFC yake. Nilipofika nyumbani aliniangalia mikono tu. «Yaya, njo hizi?» Njo hizi. Alichapisha kwa deni, na deni lile tulimaliza kulilipa miezi miwili nyuma ya kudepoze.

Siandiki haya kwa kulalamikia yule papa. Ninaandika kwa kulalamikia maneno. Tumezoea kwenye ukurasa huu kuchambua vitabu na hotuba za wanasiasa. Leo ninaomba tuchambue msamiati mdogo sana, wa watu wenye kukusanya sarafu, juu nimeona kwamba ni maandishi kama maandishi mengine: yako na mtindo wake, na chumvi yake, na pahali pa kujificha.

Ngazi yenye kuanza na sifa

Rafiki yangu tuliyesoma naye, mwenye kuishi sasa Liège kule Ubelgiji, alinieleza kwa sauti ya WhatsApp, huku akicheka. Wafaransa na Wabelgiji wanapanga sarafu kwa ngazi. Tukianza chini kwenda juu: B, «beau», nzuri. TB, «très beau», nzuri sana. TTB, nzuri sana sana. SUP, «superbe». SPL, «splendide». Na juu kabisa FDC, «fleur de coin».

Hesabu mwenyewe. Ile «nzuri sana sana» yangu iko ya nne kutoka juu. Na kama sarafu ni TB, maana yake imelika kabisa: sura ya mfalme iko, lakini nywele hazionekani tena, nakshi zimekuwa kivuli. Ile ya B, wakati mwingine unapapasa na kidole kwa kujua ni nini. Kumbe «nzuri» kwa lugha yao ni jina la sarafu iliyochoka! Nilikuwa nimesifiwa na kunyolewa bila maji.

Hapa njo lawama yangu ya kwanza. Msamiati wenye kuanza na sifa hauna nafasi ya kusema ukweli. Kama ngazi ya chini inaitwa «nzuri», ile ya juu itaitwaje? Wanalazimika kupanda: sana, sana sana, ya ajabu, ya kung'aa, mpaka maneno yanakwisha, wanaenda kutafuta ua. Ni mambo tunayojua hapa kwetu. Ukiandika barua ya maombi ya kazi na kila mutu akasema yeye ni «dynamique», neno hilo halina tena uzito. Muuzaji wa sarafu anajua ngazi yote, mteja anajua neno moja tu alilosikia. Mwenye kujua ngazi njo mwenye kupanga bei.

Tuwe wa haki, lakini. Lile jina la juu, FDC, njo lenye kusema kitu cha kweli. Neno «coin» pale halina maana ya kona ya nyumba. Ni kile chuma chenye kuchongwa sura, chenye kugonga kipande cha metali kiwe sarafu. Fleur de coin ni ua la kile chuma: sarafu iliyotoka pale saa hii, kama ua lililofunguka asubuhi, bado halijaguswa. Jina hilo halisifu, linaeleza kuzaliwa. Kama ngazi yote ingeandikwa hivyo, mimi nisingetabasamu bure.

«Haijatembea» maana yake nini?

Wamarekani walifanya ngazi ingine, ya nambari, kuanzia 1 mpaka 70. Kuanzia 60 kwenda juu wanaandika MS, yaani hali ya kutoka kiwandani. Wauzaji wengi wanaandika pia UNC. Kwa Kiswahili chetu neno lake ni rahisi: sarafu isiyotembea. Feza inatembea, tunasema hivyo kila siku. Ile isiyotembea haijalipia nyanya, haijalala mu mfuko na funguo, haijapita mikono ya konda.

Mimi nilifikiri kama haijatembea, basi ni safi, bila alama hata moja. Hapana. Njo kosa la kwanza la kila mutu mwenye kuingia katika jambo hili. Sarafu yenye kuitwa MS-60 haijatembea hata siku moja, lakini inaweza kuwa mbaya kabisa kwa macho: mikwaruzo usoni, mng'ao umekufa, alama kila pahali. Ilipata wapi zile alama? Palepale kiwandani. Sarafu zinatoka mashineni zinaanguka juu ya zingine, zinatiwa mu mifuko mikubwa kwa maelfu, mifuko inabebwa, inatupwa mu lori, inafika benki. Humo ndani zinagongana. Ni kama batoto wa masomo siku ya kwanza: uniforme ni mpya, lakini wakifika ku mlango wamekwisha kusukumana.

Kwa hiyo unapaswa kutenganisha vitu viwili. Kulika ni kazi ya mikono na mifuko ya watu: kunaondoa metali polepole, kuanzia pale palipoinuka zaidi, shavu la mfalme, mgongo wa tembo. Kugongana kunaacha shimo dogo au mstari, lakini hakusawazishi kitu. Sarafu iliyogongwa bado ni ile isiyotembea. Sarafu iliyolika kidogo tu, hata kama uso wake ni safi, imekwisha kutembea, inashuka chini ya 60. Njo maana iko kichekesho hiki: sarafu ya 58, iliyotembea kidogo sana, mara nyingi inapendeza macho kupita ile ya 60 isiyotembea. Wakusanyaji wengi wanajua na wanachagua ile ya 58. Nambari inasema moja, macho yanasema ingine.

Utajuaje kwamba imelika? Shika sarafu kwa ukingo, usiguse uso, igeuze polepole chini ya taa moja. Sarafu isiyotembea iko na mng'ao wenye kuzunguka, kama miali ya gurudumu la kinga inavyozunguka juani. Mng'ao ule unatoka ku mistari midogo sana iliyoachwa na metali ilipokuwa inakimbilia pembeni wakati wa kugongwa. Kama mng'ao unazunguka na kupita juu ya zile sehemu zilizoinuka bila kukatika, haijatembea. Kama pale juu unakatika na kuwa na rangi ya kijivu au kahawia iliyolala, mikono ya watu imekwisha kupita pale.

Kati ya 60 na 70 kuna hatua 11, na kinachozitenganisha ni mambo manne: alama za kugongana ni ngapi na ziko wapi, kwani moja ku shavu inaharibu kupita tatu ku ukingo, mng'ao uko hai kiasi gani, chuma kiligonga kwa nguvu ama kwa uvivu, na mwishowe, sarafu inapendeza ama haipendezi. Hii ya nne, wandugu, tutairudilia.

Usiku wa ndimu na majivu

Sasa niseme kosa langu mwenyewe. Nkambo alikuwa mfanyakazi wa migodi. Aliacha kopo la tumbaku lenye sarafu 14, zimefungwa mu kitambaa. Zilikuwamo za wakati wa Wabelgiji, zilikuwamo zile nyepesi za aluminiumu za 1967, za sengi 10 zenye chui. Mama alipoona ninachukua kopo alitoa tatu akazificha: «Hizi hapana kuuzisha. Hizi nkambo yako hakupendaka mutu azishike.» Nikabaki na 11.

Usiku wa mbele ya kwenda kuuza, niliziangalia nikaona aibu. Zilikuwa nyeusi-nyeusi, za kahawia. Nikajiambia, mutu haendi ku mahojiano ya kazi na shati chafu. Nikakamata ndimu, nikakamata majivu ya makala, nikasugua moja moja mpaka saa sita ya usiku. Zikang'aa! Hata mdogo wangu alisema, «Yaya, zimekuwa kama za leo.»

Niliziua usiku ule. Rangi ya kahawia juu ya shaba si uchafu. Ni ngozi ambayo shaba inajivalisha kwa miaka, kwa hewa tu, na kwa mkusanyaji ngozi ile njo cheti cha kuzaliwa. Ndimu ni asidi, inakula ile ngozi pamoja na mistari midogo yenye kubeba mng'ao. Majivu yanaacha mikwaruzo membamba kila upande. Kinachobaki kinang'aa, ndiyo, lakini kinang'aa kama sufuria: mwanga umelala, hauzunguki. Kampuni za Marekani zenye kupanga daraja zikipata sarafu ya namna hiyo haziipi nambari. Zinaandika tu kwamba imesafishwa, basi. Hakuna kurudi nyuma. Sarafu iliyosafishwa haisafishiki tena ikawa haikusafishwa.

Yule papa aliona palepale, nina hakika. Kioo chake hakikuwa cha kupamba mkono. Angeweza kuniambia: «Mwanangu, weye njo ulizisukula?» Nami ningejibu ndiyo, ningejifunza, na bei ingekuwa ileile au chini yake. Alichagua kuniambia «nzuri sana sana». Njo hapa lawama yangu ya pili: msamiati huu unamruhusu mwenye kujua akae kimya huku anaongea. TTB haikuwa bongo. Ilikuwa tu haijibu swali langu.

Neno moja, maswali matatu

Nikajaribu kupanga mambo kichwani, kama tulivyofundishwa. Nikaona kwamba shida iko hivi: sarafu unaweza kuiuliza maswali matatu tofauti, na maneno haya yanayachanganya.

Swali la kwanza ni la historia: ilitembea ama haikutembea? UNC inajibu hilo tu. Haisemi kama ni nzuri.

Swali la pili ni la sura: leo inaonekanaje? Beau, superbe, splendide, yote yanajibu hilo, au yanajifanya kujibu.

Swali la tatu ni la kazi: ilitengenezwaje? Kuna sarafu zenye kugongwa polepole, kwa chuma kilichopanguswa, juu ya kipande cha metali kilichopanguswa, uso unakuwa kama kioo. Wafaransa wanaziita BE, «belle épreuve». Watu wengi wanafikiri BE ni daraja la juu kupita FDC. Hapana, ni namna ya kutengeneza. Sarafu ya BE ukiitia mu mfuko na funguo inakuwa BE iliyoharibika, lakini inabaki BE.

Halafu angalia herufi BU. Kwa Kiingereza maana yake ni isiyotembea na yenye kung'aa. Kiwanda cha sarafu cha Paris kinatumia herufi zilezile kwa jina «Brillant Universel», na pale ni aina ya bidhaa, yenye kugongwa kwa uangalifu kupita ile ya kawaida na kuuzwa mu pakiti. Herufi mbili zilezile: kwa mmoja ni hali, kwa mwingine ni bidhaa. Sasa mtoto wa Kasapa mwenye kusoma tangazo kwa Kifaransa na ingine kwa Kiingereza atajua je? Ukiona BU, uliza: unaongea sura ama unaongea pakiti?

Mutu wa 70

Mnaweza kuniambia: sawa, Kifaransa kina maneno ya kupamba, lakini nambari haidanganyi. Mimi pia nilifikiri hivyo mpaka niliposoma nambari 70 ilitoka wapi.

Iliandikwa mu 1949 na Mmarekani mmoja jina lake William Sheldon, katika kitabu chake juu ya zile senti kubwa za shaba za zamani za Marekani. Alikuwa anatafuta njia ya kukadiria bei. Sarafu iliyochoka kabisa, unayoijua kwa shida, akaipa 1. Ile kamili akaipa 70, juu wakati ule soko lilikuwa linailipa karibu mara 70 ya ile ya chini. Njo vile tu. Sababini haikutoka ku hesabu ya uzuri, ilitoka ku soko la wakati mmoja, kwa sarafu za aina moja. Bei zilibadilika haraka, ile hesabu ikavunjika, lakini nambari ikabaki. Leo inatumika kwa sarafu za dunia yote, na watu wanaisoma kama kipimo cha daktari.

Sheldon kwa kazi yake alikuwa mwanasaikolojia. Anajulikana zaidi kwa kupima miili ya watu: kila mutu alimpa nambari tatu, kuanzia 1 mpaka 7, kwa unene, misuli na wembamba, akidai kwamba umbo linaeleza tabia. Wanafunzi wa vyuo vikuu vikubwa vya Marekani walipigwa picha uchi kwa ajili ya mambo haya. Nadharia ile imekwisha kutupwa. Nilipoisoma nilifikiri juu ya nkambo. Mu 1948 Wabelgiji walianzisha ile «carte du mérite civique», na Mwafrika mwenye kuitaka alipaswa kuhukumiwa kama amestaarabika vya kutosha. Mutu mwenye kupenda kupanga ngazi haishii ku sarafu.

Na kuna mwisho wa hadithi. Nyuma ya kifo cha Sheldon, mu 1977, iligunduliwa kwamba alikuwa ameiba senti mu mkusanyo wa chama cha sarafu cha New York, ile American Numismatic Society. Njia yake? Alichukua zile nzuri, akaacha pahali pake zake zenye hali ya chini. Mutu aliyefundisha dunia kutenganisha sarafu nzuri na ile ya chini kidogo alitumia ujuzi uleule kuzibadilisha.

Sisemi hivyo kwa kutupa ngazi yote. Kitu kinaweza kuwa na baba mbaya na kikasaidia. Lakini inatosha kwa kutuondolea ile heshima ya bure tunayopatia nambari.

Sheldon mwenyewe kwa sarafu zisizotembea alitumia 60, 65 na 70 tu. Ni soko lililojaza hatua zingine polepole, juu feza ilikuwa inaongezeka na watu walitaka kujua kwa nini sarafu mbili za 65 haziko na bei moja. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni zikaanza kazi, PCGS mu 1986 na NGC mu 1987, zenye kupokea sarafu, kuipa daraja, na kuifunga mu sanduku la plastiki lenye nambari. Kuna uzuri wake: mnunuzi aliye mbali hadanganywi tena kirahisi, na muuzaji hawezi kuita kila kintu «splendide». Mimi ningekuwa na sarafu mu plastiki, papa yule asingeniimbia TTB.

Lakini kumbuka lile jambo la nne: inapendeza ama haipendezi. Hilo hakuna mashine ya kupima. Ni macho ya watu wawili watatu, kwa sekunde chache, siku fulani. Kati ya 64 na 65 tofauti inaweza kuwa alama moja ndogo, na kwa sarafu adimu bei inaweza kuruka mara nyingi. Matokeo yake, kuna watu wenye kuvunja plastiki, kutoa sarafu, na kuituma tena, mara mbili, mara tatu, wakitumaini kwamba leo mpanga daraja ameamka vizuri. Sisi tunaita hiyo kuomba «recours». Tumeona pia profesa mwenye kukupa 9 asubuhi na 11 mchana. Lakini yeye haandiki kwamba ni sayansi.

Zile zenye jina letu

Kuna lawama moja ya mwisho, na hii njo inaniuma. Ukitafuta sarafu za «République démocratique du Congo» kwa wauzaji wa Ulaya, utaona nyingi sana, za tangu mwisho wa miaka ya 1990: za franka 5, za franka 10, za feza kweli, zenye nyama wa pori, zenye meli, zenye papa Jean-Paul wa Pili. Ziko mu visanduku vya bluu, zimeandikwa BE, zimeandikwa UNC. Jina letu liko juu yake.

Nani kati yetu aliwahi kulipia mkate na moja? Nkambo wangu hakuziona. Mama hakuziona. Sisi tunalipa kwa noti, za franka zilizochoka mpaka zinabandikwa sellotape, na za dola. Na ku dola, kila mmoja wetu ni mpanga daraja: peleka kwa kambisti noti ya 100 yenye mpasuko wa milimita mbili, utaona atakavyoiinua juu ku jua, ataigeuza, ataikataa. Tunajua kazi hii kupita Wazungu wa New York. Hatuna tu plastiki.

Kwa hiyo «isiyotembea» juu ya sarafu zile ni neno la kuchekesha. UNC inasema: hii iliponea, dada zake walienda sokoni, yeye akabaki. Zile hazikuponea kitu, juu hazikukuwa na soko la kwenda. Zilizaliwa mu kisanduku. Kuziita kwa neno lilelile na sarafu ya nkambo ni kuchanganya mutu aliyerudi salama kutoka safari na picha ya ukutani.

Zile tatu za mama

Nyuma ya yote haya niliomba mama anionyeshe zile tatu. Moja ni ya franka 2 ya 1943, ya shaba ya njano, yenye pembe sita na tembo. Imelika, mgongo wa tembo umekuwa laini. Sasa najua kuisoma: TB, na bila aibu. Ilitembea. Mbili ni za Katanga za 1961, franka 1 na franka 5, upande mmoja mkungu wa ndizi, upande mwingine ule msalaba wa shaba ambao wazee wetu walitumia kama feza na kulipia mahari mbele ya franka kuja. Ni za kahawia nzito. Usiku ule wa ndimu, ningezikuta, ningezisugua za kwanza.

Nilishika ile ya franka 5 kwa ukingo, nikaigeuza chini ya balbu. Chini ya kahawia ile mwanga ulizunguka, polepole, ukapita juu ya ndizi, haukukatika. Nkambo aliipokea, akaifunga mu kitambaa, hakuilipia kitu. Nikamwambia mama, «Hii haijatembea.» Akanijibu, «Mi nilikuambia hapana kushika.»

Sitaiuza. Lakini kama siku moja nitaiuza, sitauliza tena «ni nzuri?» Nitauliza maswali yangu matatu, na ya nne ya bei: ilitembea? Inaonekanaje leo, na alama ziko wapi? Ilitengenezwaje? Na weye mwenye kununua, unaiweka ngazi gani, na juu ya hiyo kuna ngazi ngapi?

Lile la mwisho ulizeni kila pahali, wandugu, si ku sarafu tu. Wengi wetu tuko na diplome zisizotembea, zinang'aa mu bahasha, hazijalipia hata mkate. Mutu akikuambia mu mahojiano kwamba dosye yako ni «très très belle», usitabasamu haraka. Muulize kwanza: ngazi yenyewe inaishia wapi?